Gunia la Michembe Kutoka Shelui

Jirani yangu hapa Mandewa ana ndugu zake upande wa Nzega, na kila wakija hawaji mikono mitupu. Wiki iliyopita aligonga mlango akiwa na bakuli lililofunikwa kwa sahani. "Mama Rashidi, onja na wewe," akasema, akaliweka mezani akaenda zake. Nilifunua. Ilikuwa michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa vipande na kuanikwa, imepikwa kwa karanga na bado inatoa mvuke. Harufu yake, ya kiazi kilichopigwa jua halafu kikakaa gunia, iliniingia puani nikakaa chini. Sikula. Niliwapa kuku, nikaosha bakuli, jioni nikalirudisha nikisema ahsante, ilikuwa tamu sana. Kwa hiyo hata wiki iliyopita, na umri wangu huu, nimesema uongo kwa sababu ya michembe.

Ninyi wa rika langu mtanielewa nikisema tumbo siku hizi lina mambo yake. Kikombe kimoja cha chai ya maziwa, limejaa. Maharage ya jana, limejaa. Sketi iliyokuwa inapwaya asubuhi, mchana inakubana mpaka unatafuta pa kujificha ulegeze kifungo. Mwanzoni mwa mwaka huu nilikwenda zahanati, na muuguzi mmoja, binti ambaye ningeweza kumzaa, akaniambia: mama, kula taratibu, tafuna vizuri, maharage loweka usiku na yale maji uyamwage, maziwa punguza, ukishakula usilale, tembea kidogo. Akaniuliza kama nimeelewa. Nilimwambia nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa tangu nina miaka saba. Aliyenifundisha aliondoka nyumbani kwetu kwa aibu ambayo haikuwa yake, na niliyemvisha aibu hiyo ni mimi.

Kwetu ni kijiji kimoja cha Ikungi, ndani kidogo kutoka barabara ya Dodoma, kwenye mashamba ya alizeti na majabali makubwa ambayo sisi watoto tulikuwa tunateleza juu yake mpaka chupi zinatoboka. Mama alipofariki mimi sikuwepo. Nilikuwa nimepelekwa kwa shangazi, dada yake baba, aliyekuwa anakaa Ikungi mjini, na niliporudi nilikuta kitanda cha mama kimetandikwa shuka nyingine. Shangazi akaniambia mama amesafiri. Watoto wa siku zile tuliambiwa hivyo, hakuna aliyeona ubaya. Amekwenda wapi? Mbali. Atarudi lini? Akimaliza shughuli zake. Mimi nikaamini, kwa nini nisiamini? Watu walikuwa wanasafiri na wanarudi. Nikaanza kwenda kukaa barabarani kuangalia mabasi yanayotoka upande wa Dodoma, maana kwangu mimi mbali kote kulikuwa upande huo.

Haukupita msimu, baba akaoa. Mke mpya aliitwa Hadija, mtu wa Shelui, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini na mikono isiyotulia. Alikuja na sanduku la bati, sufuria mbili na gunia la michembe. Kwetu michembe haikuwa chakula cha kila siku. Sisi ni watu wa ugali wa uwele na mtama, kwa mlenda, na maharage siku tukiyapata. Majirani waliokuja kumwona bibi harusi walilichungulia lile gunia wakatazamana. Yeye hakujali. Viazi vyetu vilipokomaa alivikata vipande, akavianika juu ya jabali nyuma ya nyumba, na jioni alikuwa anakwenda kuvigeuza, akiimba polepole kwa Kinyiramba.

Nilipiga hesabu zangu za kitoto. Nyumba ina nafasi ya mama mmoja. Kitanda ni kimoja, kigoda cha jikoni ni kimoja, na huyu mgeni ameshakaa. Mama akirudi, akachungulia mlangoni na kukuta mtu, ataona haya, atageuka aondoke zake na basi lile lile. Sikumwambia mtu hesabu hii. Niliona ni jambo lililo wazi, na nikashangaa watu wazima hawalioni.

Sikuwa na njaa. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye watu walisema mtoto alikuwa ananyimwa chakula. Hadija alinipakulia mimi kabla ya kujipakulia yeye. Niliiba kwa sababu gunia lilikuwa lake. Lilikaa nyuma ya mlango wa chumba cha nafaka, mdomo umefungwa kwa kamba ya katani ambayo hata mtoto anaifungua. Nilikuwa nachota kwa mkono, natia kwenye mfuko wa gauni, naenda kukaa nyuma ya zizi. Michembe mikavu ni migumu, unatakiwa kuiweka shavuni uinyonye mpaka ilainike, ndipo unapata utamu wake. Mimi sikuwa na subira hiyo. Nilikuwa naivunja kwa magego, nashushia maji ya mtungi, kata moja na nyingine. Kila mtu wa Shelui anajua kwamba michembe ukiila bila kupika na ukanywa maji juu yake, inaumuka tumboni. Mimi sikuwa mtu wa Shelui.

Tumbo likawa ndi. Miguu yangu ilikuwa myembamba, kwa hiyo lile tumbo lilionekana limeazimwa kwa mtu mwingine. Lilikuwa linanguruma darasani mpaka mwalimu anageuka. Nikilala chali nilikuwa siwezi kuona vidole vyangu vya miguu. Hadija aliniita jikoni akaniweka mbele yake, akaligusa kwa vidole viwili.

"Umekula nini leo, Zena?"

"Ulichonipa."

Akafikiria alichonipa. Uji asubuhi, maziwa, maharage mchana. "Basi ni maharage yangu," akasema, na hakuniuliza tena. Alijiuliza yeye.

Kuanzia siku hiyo yule mama alilifanyia kazi tumbo langu kama mtu anayelima shamba la kwake. Maharage aliyaloweka tangu jana yake kwenye ndoo, asubuhi anamwaga yale maji yenye povu kwenye shina la mpapai, anachemsha, anamwaga tena maji ya kwanza, ndipo anaanza kupika. Maziwa ya asubuhi niliyokuwa nakunywa kikombe kizima akayazuia, akawa ananipa mtindi kidogo mchana. Maji nikawa nakunywa kabla ya kula, si katikati. Jioni alichemsha tangawizi na mchaichai, akanipa kwenye kikombe cha bati cha kijani kilichobanduka ukingoni, na wakati nakunywa alikuwa ananipapasa tumbo kwa kiganja, anazungusha taratibu, anasema anafuata njia ya chakula. Alijaribu hata kupika mlenda bila magadi. Baba akalalamika kwamba hauna ladha. "Vumilia, mume wangu," akamwambia, "tunamtafuta mchawi wa tumbo la mtoto." Alisema kwa utani. Baadaye neno hilo nalo lilikumbukwa.

Kutafuna ndiko kulikokuwa kugumu kwangu, maana nilikuwa nakula kama nafukuzwa. Hadija akaligeuza jambo hilo kuwa mchezo. Tulikuwa tunatia tonge mdomoni pamoja, tunatazamana, atakayemeza kwanza ameshindwa. "Tafuna, Zena. Tafuna mpaka lipotee lenyewe." Nilikuwa nashindwa kwa sababu nilikuwa nacheka. Halafu tukimaliza, kabla jua halijazama, tunakwenda jabalini kukusanya michembe. Haikuwa mbali, lakini alikuwa ananizungusha njia ndefu makusudi. Akishiba mtu halali, alisema, anatembea. Ukilala umeshiba chakula nacho kinalala.

Siku moja tukiwa katikati ya njia alisimama ghafla. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akainua mguu kidogo, akajamba. Si kidogo. Mbuzi aliyekuwa kichakani alikimbia. Mimi nilikuwa sijawahi kumwona mtu mzima akifanya hivyo mbele yangu na nilidhani labda atakasirika. Yeye aliweka mkono mdomoni, mabega yakaanza kumtikisika, na tukacheka wote wawili mpaka tukakaa chini kwenye vumbi. "Si aibu," akasema akifuta machozi. "Hewa ikiingia lazima itoke. Na wewe toa, usibane." Nikatoa. Tukacheka upya. Halafu akanishika kidevu. "Lakini hii ya kwangu usimwambie mtu. Hata baba yako."

Jioni ile nilimpenda. Sijui kusema vinginevyo. Nilirudi nimeshika khanga yake, na nilipofika nyumbani nikaona kitanda cha mama kupitia mlango ulio wazi, nikaona haya kwa mama. Kesho yake nilichota mikono miwili kwenye gunia.

Kwa hiyo tumbo lilikuwa linashuka na kupanda. Siku Hadija akishinda nyumbani nakosa nafasi ya kuiba, linashuka, naye anafurahi: "Unaona? Linasikia." Siku akienda shamba nachota, linavimba, na jioni anakaa mbele ya sufuria yake anaitazama. Nilimsikia akiiuliza, kwa sauti ya chini, "Leo nimekosea wapi?" Nilikuwa nimesimama mlangoni na makombo ya michembe yako mfukoni. Nimesahau mambo mengi ya utoto wangu, lakini ile sauti ninayo.

Shangazi alikuja siku ya mnada. Alinikumbatia, akanirudisha nyuma, akaliona tumbo. Alilibonyeza kama anayechagua tikiti sokoni. Hadija alikuwa anakuja na kile kikombe cha kijani mkononi.

"Shikamoo, wifi," akasema, kwa sababu shangazi alikuwa mkubwa hata kwa baba.

"Marahaba. Unampa nini mtoto?"

"Tangawizi, wifi. Na mchaichai. Tumbo lake linajaa gesi."

Shangazi alinishika mkono akanipeleka nyuma ya zizi, pale pale nilipozoea kukaa na michembe yangu, akachuchumaa tukawa sawa kwa urefu. Alikuwa ananipenda, sitaki mfikiri vingine. Alikuwa amemzika wifi yake aliyempenda na sasa anamwona mtoto wake amevimba.

"Zena, niambie mimi. Kwenye kile kikombe kuna nini?"

"Dawa."

"Dawa gani?"

"Sijui. Ya moto."

"Anakupa kila siku?"

"Kila siku."

"Na akikupa anasemaje?"

Akinipa alikuwa anasema kunywa mwanangu, pole pole, moto huo. Nilijua kabisa. Lakini niliyaona macho ya shangazi, nikaona kuna kitu anakitafuta, na nikaelewa, kwa akili ile ya miaka saba, kwamba nikimpa anachokitafuta kitanda cha mama kitakuwa wazi.

"Aliniambia nisimwambie mtu," nikasema. "Hata baba."

Kila neno lilikuwa la Hadija mwenyewe. Niliyatoa tu njiani kule jabalini, nikayaweka kwenye kikombe.

Jioni hiyo tulikaa sebuleni wanne. Shangazi aliyarudia maneno yangu mbele ya baba, taratibu, kama anayesoma barua. Hadija akasema, "Wifi, ni tangawizi. Nunua mwenyewe sokoni uichemshe." Shangazi akamuuliza, tangu lini mtoto anapewa tangawizi akaambiwa usimwambie mtu? Hapo Hadija akageuka kunitazama. Niliona jinsi alivyoyatambua maneno yake, na akajua yametoka siku gani. Angesema nini? Kwamba siri yenyewe ilikuwa ya kujamba? Mwanamke mgeni, mbele ya mume na wifi, anatuhumiwa kumlisha mtoto wa marehemu kitu kibaya, na utetezi wake ndio huo?

"Zena," akaniuliza, "nilisema hivyo?"

"Ndiyo."

"Ni kweli," akamwambia shangazi. "Nilisema." Hakuwa mtu wa kusema uongo hata pale uongo ulipokuwa unamfaa.

Baba alikuwa mtu mpole, na kwa upole wake siku ile alikuwa kama hayupo. Shangazi ndiye aliyetoa amri. Kuanzia sasa chochote anachokula mtoto, mama huyu aonje kwanza, kwenye bakuli la mtoto, watu wakiona, ameze, tuone amemeza. Na ikawa hivyo. Kila mlo Hadija alikuwa anakata tonge kwenye ugali wangu, anachovya kwenye mboga yangu, anatafuna, anameza, halafu anafungua mdomo kumwonyesha baba kwamba umebaki mtupu. Baba alikuwa anaangalia ukutani. Majirani walikuja kwa visingizio vya kuomba moto ili waone. Mchezo wetu wa kutafuna uliisha bila mtu kusema umeisha. Matembezi ya jabalini nayo yakaisha, maana shangazi alikataza niende naye peke yangu.

Mimi niliendelea kuiba. Ndiyo, niliendelea. Sasa nilikuwa naiba zaidi kwa sababu hakuna aliyekuwa anakaa na mimi.

Shangazi aliporudi baada ya wiki kadhaa alikuta tumbo limezidi. Hakupiga kelele. Aliongea na baba nje, na baba akaingia akamwambia mkewe aende kwao akapumzike kidogo mpaka mtoto apate nafuu. Hadija hakulia wala hakubisha. Alipanga sanduku lake la bati. Alipomaliza alisimama mbele ya shangazi na kusema mambo ambayo niliyasikia tena mwaka huu kwa yule muuguzi: maharage yalowekwe usiku na maji yamwagwe, maziwa mabichi asipewe, asinywe maji katikati ya chakula, asilale akiwa ameshiba, atembezwe. Shangazi alikuwa anaangalia pembeni. Hadija akanigeukia. Nilidhani atanigombeza. "Tafuna, Zena," akasema, akajitwika sanduku akaelekea barabarani. Gunia aliliacha kwa sababu lilikuwa zito.

Shangazi alilibeba yeye mwenyewe mpaka zizini akalimwaga kwa mbuzi. Hakutaka chakula cha yule mtu kibaki ndani. Mbuzi walikula siku mbili. Na mimi, kwa kuwa hakukuwa na cha kuiba, tumbo likashuka. Ndani ya wiki moja gauni likanipwaya. Shangazi alinisimamisha mbele ya baba, akanigeuza kushoto na kulia. "Si unaona?" akamwambia. "Si unaona mwenyewe?" Majirani nao waliona. Kama kulikuwa na mtu mwenye shaka, siku hiyo shaka ilimtoka.

Nilimsubiri mama siku nne. Nilitandika kitanda mwenyewe, vibaya, shuka ikiburuta chini. Siku ya tano nikamuuliza shangazi, mama atarudi lini sasa, mbona nafasi ipo? Alikuwa anachambua mboga. Aliacha, akanivuta mapajani, akalia kwa muda mrefu, halafu akaniambia mama yuko wapi. Akanipeleka nikaone kaburi. Nilisimama pale na nikaelewa mambo mawili kwa wakati mmoja, kwamba mama harudi, na kwamba Hadija angeweza kurudi. Lingetosha neno moja, michembe. Shangazi alikuwa amenishika mkono. Sikulisema. Niliogopa kupigwa, nikasema kesho. Halafu kesho ikawa na kesho yake. Baba hakumfuata mkewe, wala hakuoa tena. Nikakua.

Baada ya kutoka zahanati mwaka huu sikulala vizuri wiki nzima, na haikuwa gesi. Nikapanda basi la Nzega, nikashuka Shelui. Niliuliza wanaume waliokuwa wanafunga turubai la lori kama wanamfahamu mama mmoja mzee anaitwa Hadija. "Bibi Hadija wa maharage?" mmoja akasema. "Huyo kila dereva anamjua. Maharage yake unakula sahani mbili, unaendesha mpaka Nzega tumbo halijakusumbua." Akanionyesha kibanda.

Alikuwa amezeeka, mrefu bado, mikono bado haitulii. "Shikamoo mama," nikasema, nikamtajia jina langu na la baba. Alinitazama muda mrefu. "Marahaba," akasema. "Kaa, umetoka mbali." Aliniletea ugali na maharage. Kabla hajaweka sahani mbele yangu alikata tonge kwenye ugali wangu, akachovya kwenye maharage yangu, akatafuna, akameza, akafungua mdomo kidogo. Ndipo akaniwekea. Kwenye benchi la pili kulikuwa na mtoto mdogo na mama yake, na kwao pia alifanya hivyo hivyo kwenye sahani ya mtoto. Yule mama mtu hakushangaa. Walishamzoea.

Nilimwambia yote. Gunia, mfuko wa gauni, zizi, kata za maji. Nilimwambia na ya kitanda. Aliendelea kupanga sahani mpaka nilipomaliza.

"Mikavu?" akauliza. "Bila kupika?"

"Ndiyo, mama."

"Na maji juu yake."

"Ndiyo."

"Nilidhani ni panya," akasema. Halafu akasema, "Kumbe maharage yangu yalikuwa mazuri." Akakaa. Niliona amechoka ghafla. "Mimi sijawahi kuzaa, Zena. Nimelea watoto wa dada zangu. Kila mmoja wao akiumwa tumbo nilikuwa najiuliza nimekosea wapi."

Nililia. Hakunibembeleza, na sikustahili.

"Baba yako yupo?"

"Alifariki, mama."

"Na wifi?"

"Naye."

Akatikisa kichwa polepole. "Mimi nilikuwa najua sikukupa kitu," akasema. "Wa kuambiwa walikuwa wao."

Nilitaka kunyamaza, lakini nilikuwa nimekwenda kusema kweli, nikaimaliza. Nilimwambia kwamba watoto wa shangazi wapo, pale pale Ikungi, na kwamba hadithi ya yule mama wa Shelui aliyemlisha Zena bado inasimuliwa. Idi iliyopita binamu yangu alimsimulia mkwe wake mpya, akinionyesha mimi kwa kidole, na mimi nilikuwa nakula biriani nikainamisha kichwa.

Hadija alinisogezea sahani. "Basi unajua pa kwenda," akasema. "Sasa kula, yanapoa. Tafuna."

Nilitafuna. Alikaa pale akinitazama taya mpaka nikamaliza.

Ni miezi minne sasa. Kutoka Mandewa kwenda Ikungi si hata nusu ya safari ya Shelui, na magari yanapita kutoka asubuhi mpaka jioni. Nayasikia hata sasa ninapoandika. Bado sijaenda.